Machozi Madhabahuni, Ngumi Nyumbani



Mwezi huu tunaleta kwenu habari ambayo kanisani hatuizungumzi. Tunaizungumza bombani tukisubiri maji, tunaizungumza tukisukana nywele, tena kwa sauti ya chini, na akipita mtu tunageuza mazungumzo. Ni habari ya mtu anayewaumiza watu wa nyumbani mwake, huku kanisani anajulikana kuwa mtu wa Mungu. Na pamoja na hiyo ni habari ya toba yake: tutajuaje kama ametubu kweli, au amelia tu?

Kwa taaluma sisi ni wauguzi, na kanisani tunahudumu katika kikundi cha akina mama. Siku za kazi tunafunga vidonda, Jumapili tunakaa benchi moja na wenye vidonda hivyo. Hatuandiki kama watu wasio na kosa. Mtakaposoma mtaona kwamba katika habari hii sisi wenyewe tuna sehemu yetu.

Mama aliyeanguka na ndoo

Jumatatu moja asubuhi alikuja mama wa usharika wetu akiwa ameushika mkono wake wa kushoto. Alisema alianguka na ndoo ya maji. Tulimtazama viganja. Mtu akianguka hutanguliza viganja, kwa hiyo huchubuka viganja, magoti na pengine kidevu. Viganja vya mama yule vilikuwa safi kabisa. Mfupa uliovunjika ulikuwa ule wa upande wa kidole cha mwisho, katikati ya kiwiko na kifundo, mahali panapopigwa mtu anapoinua mkono kujikinga uso. Begani kulikuwa na alama nyingine iliyokwisha kugeuka kuwa ya manjano. Hiyo haikuwa ya jana.

Tulijua. Tulimfunga mkono, tukampa dawa ya maumivu, na tukaandika daftarini kwamba ameanguka, kwa sababu ndivyo alivyosema na kwa sababu mume wake alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyeongoza kuezeka upya nyumba ya mjane mmoja mvua zilipoibomoa. Ndiye aliyehesabu sadaka na hakuna senti iliyopotea. Tulijiambia kwamba pengine ni shetani tu ameingia siku moja.

Habari ilipofika kwa wazee, bwana yule aliitwa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli. Alisema amemkosea Mungu na amelitia kanisa aibu. Watu walilia pamoja naye, akina mama tukapiga vigelegele. Jioni ile kikundi chetu kilimchukua mama yule kutoka kwa dada yake, alikokuwa amekimbilia, tukamrudisha kwa mumewe kwa nyimbo, na kilo kumi za mchele na kitenge kipya. Tulimwambia msamaha hauna masharti.

Wiki ya saba aliletwa usiku kwa baiskeli. Safari hii hakuwa na neno la kusema, maana alikuwa amekabwa shingo na sauti haikutoka. Machoni mwake mlikuwa na vidoa vyekundu vidogo vidogo. Siku mbili baadaye, sauti iliporudi kidogo, alituuliza swali moja tu: "Mbona mlinirudisha?"

Hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Hayupo peke yake

Msidhani ni habari ya nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu katika maisha yake, na mara nyingi aliyefanya hivyo ni mume au mwenzi wake. Hapa Tanzania, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Uchunguzi huo huo uliwauliza wanawake kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali angalau sababu moja, na wanaume waliokubali walikuwa wachache kuliko wanawake. Tusome hapo mara mbili, wapendwa. Somo la kuvumilia kipigo tumelifundisha sisi wenyewe jikoni na kwenye unyago.

Wengi wa wanawake hao husali mahali fulani. Jumapili wanavaa mikono mirefu.

Jinsi ya kumtambua

Watu wengi hufikiri mtesaji ni mlevi anayepiga kelele barabarani. Wako wa namna hiyo. Lakini yule anayelisumbua kanisa mara nyingi ni mpole mbele za watu, na upole huo ndio ngao yake. Mke akisema, nani atamwamini? Hizi ni dalili tulizoziona mara kwa mara, zahanati na usharikani.

Kwanza, ana nyuso mbili. Nje anacheka, akifunga mlango wa nyumba watoto wananyamaza. Watazameni watoto: baba akiingia, wanakimbilia kumpokea au wanatafuta pa kujificha?

Pili, anamtenga mkewe. Hapendi aende kwao, hapendi rafiki zake, hata kikundi cha maombi anakitafutia sababu. Akija zahanati naye, hatoki chumbani, na swali tukimwuliza mama, anajibu baba.

Tatu, anashika kila shilingi. Mama anauza maandazi tangu alfajiri, jioni anatoa hesabu, kisha anaomba nauli ya kliniki kama mtoto.

Nne, Maandiko yanayomhusu mwenzake anayajua kwa moyo, na yanayomhusu yeye ameyasahau. Atakumbusha kila siku habari ya mke kumtii mume. Hataki kusoma aya zinazofuata katika barua ile ile kwa Waefeso, mahali Paulo anapomtaka mume ajitoe kwa ajili ya mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya kanisa.

Tano, kila kosa lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. "Alinijibu." "Alinichokoza." "Nilikuwa na mawazo ya kazini." Mwulizeni: mbona bosi wako akikuudhi humpigi? Hapo mtaona kwamba hasira yake ina breki; anaifungulia kwa mtu asiyeweza kumrudishia.

Na tusiwatazame wanaume peke yao. Binti wa kazi anayelala jikoni, anayekula makombo na kupigwa mwiko kwa sababu ya glasi iliyovunjika, anapigwa na nani? Mara nyingi ni sisi, tuliotoka kwenye fungu la Biblia. Kipimo tunachowapimia waume zetu kitupime na sisi.

Toba isiyokuwa toba

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mambo aliyoyasikia kwa wanawake wengi waliopigwa na waume zao. Alisema mara nyingi mateso huenda kwa mzunguko. Kwanza nyumba inajaa wasiwasi, mke anatembea kwa kunyata. Kisha kipigo kinalipuka. Kisha huja kipindi cha majuto: maua, kanga, machozi, ahadi. Baada ya muda wasiwasi unaanza tena. Si kila nyumba inafuata njia hiyo, na kuna wanaopiga na wasijute kabisa. Lakini akina mama wengi wakisikia maelezo hayo husema, "Hiyo ni nyumba yangu."

Angalieni hatari yake. Kipindi cha majuto kinafanana na toba kama nyanya mbivu inavyofanana na nyanya iliyooza ndani. Na ndicho kipindi ambacho sisi watu wa kanisa hualikwa kuja kupatanisha! Tunamkuta bwana analia, tunashangilia, tunamrudisha mama, bila kujua kwamba tumesukuma gurudumu lizunguke tena.

Biblia haikuficha toba za namna hiyo. Farao, mvua ya mawe ilipompiga, alikiri kwamba ametenda dhambi. Mvua ilipokatika, moyo wake ukawa mgumu tena. Someni Kutoka sura ya 9. Alichotaka kiondoke ni mvua ya mawe. Mfalme Sauli naye, alipokamatwa na Samweli, alikiri kosa, na papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Hiyo iko katika 1 Samweli 15. Sauli aliililia heshima yake.

Bwana wetu wa usharikani alisema nini siku ile alipopiga magoti? Alimtaja Mungu, akalitaja kanisa, akaitaja aibu. Mke wake hakumtaja. Mkono uliovunjika hakuutaja. Tulikuwa watu wengi mle ndani, na hakuna aliyegundua.

Basi tumejifunza kusikiliza maneno. Toba ya uongo husema "kama nilimkosea mtu", husema "tumekoseana", husema "yaliyopita si ndwele". Ina haraka: inataka cheo kirudi mwezi huu, mke arudi jumapili hii. Inadai msamaha kama mtu anayedai deni, na asipopewa inakasirika na kusema, "Ninyi si Wakristo." Mwenye toba anayemtisha aliyemkosea bado hajatubu.

Toba yenye matunda

Yohana Mbatizaji aliwataka waliomjia mtoni waonyeshe matunda, na walipomwuliza wafanye nini aliwajibu kwa mambo ya kushikika: nguo, chakula, kodi, mshahara. Zakayo hakuishia kufurahi mezani na Yesu. Alitaja mali yake, akataja waliodhulumiwa, akataja kiasi cha kuwarudishia, mara nne. Ndiyo maana tunauliza hivi:

Je, anakubali kosa kwa jina lake, bila "lakini"? Anasema "nilimvunja mkono", au anasema "kulitokea kutoelewana"?

Je, anakubali matokeo? Daudi alipoambiwa na Nathani, alikiri bila kujitetea, na hata hivyo matokeo ya dhambi yake hayakuondolewa. Mwenye toba ya kweli anaweza kuvuliwa uzee wa kanisa, akakaa benchi la nyuma mwaka mzima, akaenda polisi akiitwa, na asimchukie mkewe kwa hayo.

Je, analipa? Gharama za hospitali, matunzo ya watoto, mtaji wa mama alioutapanya?

Je, anatafuta msaada wa muda mrefu, na anakubali kuulizwa maswali na watu wasiomwogopa?

Je, anampa mkewe muda, hata kama muda huo ni mrefu, hata kama mke asirudi?

Na swali kubwa kuliko yote: mke na watoto wanasemaje, wakiulizwa peke yao, mahali salama, bila yeye kuwapo? Ushuhuda wa toba hautolewi na aliyepiga. Unatolewa na aliyepigwa, baada ya miezi na miaka.

Msamaha, na kurudi nyumbani

Hapa ndipo akina mama wengi wanapofungwa. Wanaambiwa: ukisamehe, rudi, usiporudi, hujasamehe. Lakini hebu tumtazame Yusufu. Ndugu zake walimwuza. Walipokuja Misri kununua nafaka hakuwakumbatia siku ya kwanza. Aliwapa chakula, maana hakutaka wafe, lakini aliwapima. Alificha kikombe katika gunia la Benyamini ili aone: je, watamwacha mdogo wao kama walivyoniacha mimi? Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, ndipo Yusufu alipolia na kujitambulisha. Chuki alikuwa ameiacha zamani, lakini kuwaamini kulisubiri ushahidi.

Msamaha ni kumwachia Mungu kisasi. Mama anaweza kuutoa akiwa kwa dada yake, akiwa hospitali, akiwa mahakamani. Kurudi nyumbani ni jambo jingine. Kurudi kunategemea usalama, na usalama hauletwi na machozi.

Wengine hutumia Mathayo 18 kumtaka mwanamke aende amwonye mumewe wakiwa wawili tu. Tuisome sura yote. Humo humo Yesu anaonya vikali juu ya anayewakosesha wadogo, akitaja jiwe la kusagia shingoni. Humo humo anasema asiposikia, wachukuliwe mashahidi, kisha kanisa lote. Sura hiyo inazungumza na mtesaji, inazungumza na kanisa, ndipo inamfikia Petro na hesabu yake ya msamaha. Hatuna haki ya kuruka mpaka mwisho na kumkabidhi mwanamke aliyevunjika mkono hesabu hiyo.

Tufanye nini?

Tukiwa wauguzi tunasema wazi. Mama aliyekabwa shingo apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, maana uvimbe wa koo unaweza kuja baadaye. Tena ajue kwamba mwanamume aliyewahi kumkaba mkewe anaweza kumwua siku nyingine. Tafiti zimeonyesha kuwa hiyo ni dalili ya hatari kubwa. Aliyeingiliwa kwa nguvu afike hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, ili apewe dawa za kukinga virusi vya UKIMWI, ambazo humezwa kwa siku 28, na dawa ya kuzuia mimba. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe.

Kwa upande wa sheria, tujue haki zetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke aliye na haki ya kumpiga mwenzake kwa adhabu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko hutolewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Hali ikiwa mbaya, nendeni hospitali kwanza, fomu itafuata. Mtoto akiguswa vibaya, awe ameguswa na baba, mjomba, mwalimu wa shule ya Jumapili au mchungaji mwenyewe, hilo si la kumaliza kwa kikao cha wazee na mbuzi wa faini. Ni kosa la jinai, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilitungwa kwa ajili hiyo. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Tukiwa akina mama wa kanisa, tumsikilize mwenzetu pasipo mumewe kuwapo. Tumwamini. Tusimwulize alifanya nini hata akapigwa. Tusimpelekee mumewe maneno yake, hata kwa nia njema. Akitaka kuondoka, tukumbuke kwamba siku za kuondoka ndizo mara nyingi za hatari zaidi. Basi tumsaidie kupanga kimya kimya: nyumba ya kukimbilia, akiba ya nauli, vyeti vya watoto na kadi za kliniki vitunzwe kwa mtu mwaminifu. Na akichagua kubaki kwa sasa, tusimtupe. Mlango wetu ukae wazi.

Barua iliyochelewa kuandikwa

Mama wa ndoo hakurudi tena kwa mumewe. Alipata PF3, akaeleza ukweli, nasi tukasahihisha yale tuliyoyaandika daftarini. Anaishi na dada yake, anashona sare za shule, na mkono wake wa kushoto hauelekei sawasawa mpaka leo. Alitusamehe. Alitwambia hivyo mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni kwa dada yake, na hatukumwomba arudi popote.

Mumewe alivuliwa uzee. Hakukaa benchi la nyuma. Alikasirika, akasema kanisa limemwonea, akahamia mji mwingine. Mwaka mmoja baadaye tulisikia kwamba huko anaongoza maombi ya Ijumaa, na ameposa msichana wa kwaya. Alipofika huko alikuwa amelia mbele ya watu, akasimulia jinsi mke wa kwanza alivyomkimbia.

Tulikaa kikundi kizima, mioyo ikatudunda. Wengine walisema tusiingilie, tutaitwa wasengenyaji. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema: "Yule wa kwanza tulimrudisha kwa nyimbo. Huyu wa pili tutamsindikiza kwa kimya?"

Tulimwendea mchungaji wetu. Siku ile ile aliandika barua kwa mchungaji mwenzake, akaeleza yaliyotokea bila kuongeza wala kupunguza, akaambatisha uamuzi wa baraza la wazee. Posa ilirudishwa. Msichana yule hatumjui kwa sura, wala hatujui kama alitukasirikia. Lakini kila tunapofungua daftari la zahanati Jumatatu asubuhi, tunashukuru kwamba jina lake halimo.

Je, katika usharika wako, nani amevaa mikono mirefu Jumapili hii? Kaa karibu naye. Usimwulize mbele za watu. Msubiri baada ya ibada, mtembee naye njia moja, umwambie tu kwamba akitaka kusema, yupo wa kumsikiliza.

Bwana awape nguvu na macho ya kuona. Amina.